Rangi ya Mama Kidoti

3 Machi

Mama Kidoti, mke wangu,

Memori kadi imefika salama ndani ya bahasha. Picha ulizopiga kwenye mahafali ya shule nimezifungua zote jana hapa kwenye kiwanda cha uchapaji baada ya zamu. Msimamizi ameniruhusu kutumia mashine yao ya kuchapa, mradi nisiguse karatasi za wateja.

Sasa sikiliza, na usinune. Watu umewapanga vizuri, na hakuna aliyefumba macho isipokuwa mwalimu mkuu, na yule nadhani alizaliwa hivyo. Shida ni rangi. Shule nzima imekuwa ya manjano. Mashati meupe yanaonekana kama yamefuliwa kwa chai. Nimeshajua ugonjwa uko wapi: skrini ya kompyuta ya studio yetu imezeeka. Inakuonyesha kila kitu kikiwa na bluu nyingi kuliko ilivyo, basi wewe unapotengeneza picha unaongeza manjano mpaka ikae sawa machoni pako. Ikifika huku, kwenye skrini iliyopimwa, yale manjano yako yote yanatoka hadharani. Si kosa lako. Skrini inakudanganya na unaiamini kwa sababu ndiyo uliyonayo.

Na ile picha yako uliyoiweka mwisho, ile niliyoiomba mpaka nikachoka: wewe ndiye uliyewapita wote. Mpaka weupe wa macho umekuwa manjano. Nilicheka peke yangu. Halafu nikakaa nayo kitako, nikayatoa manjano pole pole, nikaanza na macho, nikaja mashavu, nikamalizia shingo, mpaka ukarudi kuwa mke wangu. Nimechapa mbili. Moja iko ukutani juu ya kitanda changu, na hawa ninaolala nao chumba kimoja wakiingia wanaisalimia "shikamoo shemeji" kwa utani. Ya pili hiyo hapo ndani. Jione mwenyewe.

Nimekukumbuka huku ughaibuni, mama. Simu ya Jumapili si yetu, ni ya ukoo mzima. Mama yangu anauliza kama navaa soksi, Kidoti anasoma alama zake za darasani, jirani akipita naye anapewa asalimie, na wewe unabakiwa na "sisi wazima, uwe mwangalifu." Ndiyo maana nataka barua. Na hiyo kamera ya simu yako iliyopasuka itengenezwe, nikuone unavyocheka.

Mumeo,
Baba Kidoti


15 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako ya wodini inapokelewa na kila mtu, na yangu ina mama mkwe pembeni. Wewe ni nesi, basi sitazunguka mbuyu. Macho yangu yamegeuka manjano. Yalianza kidogo kidogo mwezi uliopita, sasa na viganja navyo. Ngozi inaniwasha mpaka najikuna kwa kitana. Nikila kitu chenye mafuta nakabwa hapa chini ya mbavu za kulia. Mama hajaona, unajua macho yake, miwani anaivaa ndipo aanze kuitafuta. Wateja wakiuliza nasema ni taa za studio.

Kaka yako alikuwa anang'ang'ania picha. Nilimkwepa, nikamwambia kamera ya simu imepasuka. Mwisho nikachoka kusema uongo, nikajipiga picha nikamtumia, nikasema liwalo na liwe, akiona ameona. Wifi, ameona, na ameitengeneza. Ameandika kwamba skrini yetu imezeeka, kisha ameniondolea manjano kwa mkono wake mwenyewe, akachapa, akanirudishia. Nimesimama nayo mbele ya kioo cha bafuni. Yule mwanamke wa kwenye karatasi ni mzima, tena mzuri. Nimemwonea wivu. Nikafunga studio kabla ya wakati, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia mpaka nikaona haya.

Unakumbuka mama yangu mzazi alikufa na macho gani. Ni haya haya.

Nikimwambia kaka yako ataacha kila kitu aje. Mkataba wake unaisha Novemba, na ukiisha anapewa kazi ya kudumu na nyumba ya familia, sisi tumfuate. Akiuvunja kabla, nyumba hakuna, na miaka hii miwili itakuwa tumeishi mbalimbali bure. Mimi nataka kuishi naye nyumba moja. Kama nina siku nyingi, nataka ziwe huko, na kama ni chache, nataka ziwe huko pia. Niambie kuna dawa gani ninywe kimya kimya mpaka Novemba.

Wifi yako,
Mama Kidoti


21 Machi

Wifi,

Dawa ya kunywa kimya kimya haipo. Njoo upimwe. Na usiniletee habari za mama yako, Mungu amrehemu, kwa sababu mama yako hakupimwa, alizungushwa kwa waganga mpaka akatuponyoka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huo si msemo wa kupamba barua, ni kitu ninachokiona wodini kila wiki.

Hiyo simu haijapasuka na wewe unajua. Kaka yangu ni mtu mzima, na wewe unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini hilo baadaye. Kwanza njoo. Mama mwambie unakuja kunisaidia kushona mapazia.

Wifi yako anayekupenda, ndiyo maana anafoka,
Nesi


24 Machi

Baba Kidoti,

Picha nimeipata. Umenipendezesha mno, sijui kama nitaweza kuishi na huyo mwanamke nyumba moja. Kidoti ameitazama akasema, "Mama, hapa ulikuwa umelala vizuri."

Ni kweli skrini imezeeka. Wateja wawili wamenirudishia picha za harusi, bibi harusi anasema shela lake limeoza. Basi nifundishe kuirekebisha, ila nifundishe kama mtu asiyejua kitu, si kama unavyofundisha wenzako wa kiwandani. Nataka studio ikae sawa mpaka tutakapoifunga tukufuate.

Na mimi nimekukumbuka. Shati lako la bluu nimelivaa kazini juzi, mama akaniuliza kama nguo zangu zimeisha. Nikamwambia ndiyo.

Kamera ya simu fundi hajapata kioo chake. Kesho naenda kwa wifi siku mbili tatu kumsaidia mapazia.

Mkeo,
Mama Kidoti


2 Aprili

Mama Kidoti, mwanafunzi wangu,

Ndani ya bahasha, pamoja na memori kadi yako, kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kadi ya kijivu. Usiidharau, hiyo ni kijivu kisichoegemea popote, hakina wekundu, hakina bluu, hakina manjano. Cha pili ni karatasi niliyoichapa hapa, ina picha ya matunda, uso wa mtu, na vipande vya rangi. Karatasi haiwezi kukudanganya kama skrini, kwa sababu haina taa ndani yake. Mafaili ya vyote viwili yako kwenye memori kadi.

Fanya hivi. Washa skrini, iache ipate moto kama nusu saa, wewe nenda kapike au kagombane na jirani. Funga pazia. Zima ile taa ya manjano ya mezani, washa nyeupe. Usivae nguo nyekundu, maana skrini inaakisi nguo yako na wewe utarekebisha nguo badala ya skrini. Shati langu la bluu nalo livue, samahani. Vaa kitu cheupe au cha kijivu.

Kisha fungua kijivu kwenye skrini, shika kadi pembeni yake. Utaona kijivu cha skrini kimeegemea bluu. Chini ya skrini kuna vitufe, ukivibonyeza utakuta namba za nyekundu, kijani na bluu. Punguza bluu kidogo, tazama. Usikodoe macho muda mrefu, macho yana tabia ya kuzoea kibaya yakakiita kizuri. Tazama, geuka uangalie ukuta, rudi tena. Vikifanana vijivu viwili, fungua faili la matunda ulinganishe na karatasi. Ukimaliza, funika vile vitufe kwa plasta, mama asije akavibonyeza akidhani ni redio.

Halafu nipigie picha. Wewe na Kidoti pamoja, mtoto ashike hiyo kadi. Nikiona kadi imetoka kijivu, nitajua kila kitu kingine kwenye picha ni cha kweli. Ndivyo tunavyofanya hapa.

Wenzangu wamehesabu, wanasema Novemba si mbali. Wao wanalala na wake zao mwisho wa wiki, ndiyo maana kwao si mbali.

Mumeo,
Baba Kidoti


20 Aprili

Wifi,

Asante kwa kunishika mkono kwenye kile chumba cha vipimo. Mama amepokea uongo wa mapazia, ila anauliza mbona nimerudi nimekonda kwa sababu ya kushona.

Nimelifikiria lile neno la daktari tangu nimerudi. Njia ya nyongo imeziba. Huenda ni jiwe, huenda ni uvimbe, na hawatajua mpaka wanipasue. Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha au haitanyesha. Najua ulikasirika nilipoomba tarehe ya Novemba. Daktari naye alikuangalia wewe, hakuniangalia mimi.

Kadi ya kijivu imefika, na maelekezo yake marefu. Iko kwenye droo. Sijaigusa. Nikirekebisha skrini, wifi, sitakuwa na pa kujificha. Anataka nipige picha na Kidoti pembeni yangu. Nimemwandikia kwamba vitufe vimekufa.

Wifi yako,
Mama Kidoti


26 Aprili

Wifi,

Barua hii ni fupi kwa sababu nina hasira na zamu inaanza.

Novemba hutaifikia kwa namna hiyo. Sisemi kukutisha. Nimeongea na hospitali kubwa ya rufaa, wamekupa nafasi ya kupasuliwa mapema Juni, na mimi nitakuja kusimama hapo. Nimekupa mpaka mwisho wa Mei umwambie mumeo. Usipomwambia wewe, nitampigia mimi, tena Jumapili, mbele ya mama na mtoto na huyo jirani wenu.

Unasema unataka kuishi naye nyumba moja. Yeye ameshaanza kuishi na picha. Umemwachia ukutani mtu ambaye hayupo, kila siku anaamka anamsalimia, na wewe uliye hai unajificha nyuma ya vitufe. Mimi ningekuwa kaka yangu ningelia.

Nesi


5 Mei

Baba Kidoti,

Nilikuandikia kwamba vitufe vimekufa. Havikufa.

Leo nimefanya ulivyosema. Nimewasha skrini ikapata moto. Sikugombana na jirani, nilifua. Nimefunga pazia, nimevaa lile gauni langu la kijivu, nimetoa kadi nikaishika. Ulisema kweli, bluu ilikuwa imejaa kila mahali na mimi sikuwa naiona. Nimepunguza, nimegeukia ukuta, nimerudi, nimepunguza tena. Mara ya kwanza nilizidisha ikawa kama vumbi. Nikarudisha. Mwisho ikafika mahali kijivu kikakaa kimya, hakiendi huku wala kule, nikafunika vitufe kwa plasta.

Nimekuwekea picha za wateja wa wiki hii, uone mashati yao. Na nimeweka ile uliyoomba. Kidoti ndiye ameshika kadi, ameishika juu ya kidevu ili kuficha pengo la jino. Sikuongeza kitu. Sikupunguza kitu.

Naomba uanze na wateja. Halafu ututazame sisi, taratibu, ukiwa umekaa. Barua nyingine sijaweza kuiandika, nimejaribu nikachana, nikajaribu tena nikachana. Nikaona kazi uliyonifundisha nitaiweza.

Mkeo,
Mama Kidoti


16 Mei

Mke wangu,

Nilianza na wateja. Mashati yalikuwa meupe. Shela lilikuwa jeupe. Nikasema loo, mke wangu ni fundi, nikamwita na msimamizi aje aone.

Halafu nikafungua yenu. Nikapima kadi mkononi mwa Kidoti, namba zote tatu zikawa sawa. Nikatazama macho ya Kidoti, meupe. Nikatazama yako.

Mkono una mazoea yake. Nilijikuta nimeshaanza kukutoa manjano kama ile mara ya kwanza, ila safari hii kwa picha nzima. Nikakutoa, nikakutoa, ukaanza kupendeza. Nikahamia kwa mtoto. Alikuwa amegeuka bluu, mashavu ya bluu, macho ya bluu, kama mtoto aliyetolewa majini. Nikarudisha. Mtoto akawa mzima, wewe ukawa wa manjano. Nilifanya hivyo mara kadhaa kama mwendawazimu, nikitafuta mahali ambapo nyote wawili mnakuwa sawa, na hapakuwepo. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Skrini hii ilipimwa asubuhi."

Nimekukasirikia, sitaficha. Macho yako yaliniambia tangu Machi, na mimi nikayaosha kwa kompyuta nikabandika ukutani. Lakini wewe ulijua, ukaniacha nimsalimie mtu wa karatasi kila asubuhi. Nimempigia dada yangu. Amenieleza yote, jiwe, uvimbe, Juni, mapazia. Tumelia kwenye simu kama watoto.

Mkataba nimeuvunja. Msimamizi amenikumbusha nyumba ya familia, nikamwambia nyumba ya familia bila mama wa familia ni bweni, na bweni tayari ninalo. Kibali cha kutoka nchini kinachukua muda, wananizungusha ofisi hadi ofisi. Kama sitakuwahi kabla hawajakupasua, ingia tu, usinisubiri. Nakuja. Barua hii naiandika kwa sababu Jumapili mbele ya mama sitaweza kusema kwamba naogopa.

Mumeo,
Baba Kidoti


9 Juni

Wifi yangu,

Wewe uliondoka asubuhi kurudi kwenye zamu yako, na kaka yako akafika jioni ya siku ile ile. Mlipishana kama mliokubaliana. Nakuandikia maana najua ukimuuliza yeye hatakwambia yaliyotokea.

Kwanza habari za mwili. Mshono haujafunguka. Jiwe wameniletea nilione, dogo, halina hata adabu. Kile kipande cha nyama walichokata ili kujua kama kuna uvimbe mbaya wamekipeleka maabara na majibu bado. Daktari anasema macho yataanza kusafika wiki hii, lakini nimepungua sana, nguo ya hospitali inanizunguka mara mbili. Kichwa nilikuwa nimekifunga kitambaa kwa sababu ya jasho.

Nilimwona akiingia mlangoni na begi mkononi. Akaanza upande wa dirishani, anapita kitanda kwa kitanda, anatazama kila uso kwa adabu. Akafika kwangu. Wifi, alinitazama usoni kabisa, akaniinamishia kichwa kama unavyomwinamishia mgonjwa wa watu, akapita.

Sikumwita. Sauti ilikuwepo, ila sikumwita. Nilimtazama mgongo mpaka mwisho wa wodi. Amezeeka kidogo kisogoni. Akageuka, akaanza kurudi, sasa hatua zake zina hofu, nikajua anafikiri nimeshakufa. Akasimama kwa mama wa kitanda cha jirani, akamuuliza kama anamfahamu mpiga picha mmoja, anaitwa Mama Kidoti. Yule mama akaninyooshea kidole.

Nikasema, "Baba Kidoti, ni mimi."

Begi lilimponyoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akashika mguu wangu juu ya shuka, akawa anasema neno moja tu, "Nimekupita. Nimekupita, mke wangu." Nikamwambia ndiyo, umenipita, kisha umerudi. Hakusikia. Akaendelea kulisema mpaka nesi akaja kumwambia wagonjwa wengine wamelala.

Tangu hapo anakaa kwenye kile kiti. Nikifumbua macho namkuta ananitazama kama mtu anayesoma. Wanawake wa humu wanatucheka, wanasema huyu mume umemtoa wapi. Habari ya nyumba ya Novemba hatujaigusa hata mara moja. Majibu ya maabara tunayasubiri wote wawili bila kuyataja.

Nilidhani akifika, hamu itaisha. Haikuisha, wifi. Akitoka kwenda kuninunulia maji ya kunywa huko nje, nasikiliza viatu vyake kwenye korido mpaka virudi.

Wifi yako,
Mama Kidoti